Wimbo Uliopindwa na Jua la Kiboko

Nyuzi za gitaa la besi zikichoka, msizitupe. Zichemsheni. Tia maji kwenye sufuria, tia na magadi kidogo, zikunje kama mkanda uziache humo mpaka maji yabadilike rangi. Uchafu wa vidole vyako vya mwaka mzima utaelea juu kama mafuta ya supu. Zikikauka zitalia tena kama mpya, kwa wiki kadhaa. Mke wangu alinikuta jikoni nikifanya hivyo akauliza, "Kioko, leo tunakula nini? Supu ya waya?" Tulikula supu ya waya miaka mingi, na ndiyo iliyowasomesha watoto.

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu hapa mjini Wote na simu zenu, najua habari ya nyuzi mnaiuliza kwa heshima tu. Mnakunywa chai, mnasifu mbwa, halafu mnafika kwenye lile lililowaleta: ule wimbo. Wazazi wenu wamewaambia kwamba zamani kulikuwa na bendi ya watu wanne iliyopiga roki kwa Kikamba kutoka Kiboko hadi Mwingi, na kwamba wimbo wake uliopendwa kuliko zote haukurekodiwa kamwe. Mnataka niwapigie, nanyi muurekodi.

Sitaupiga. Lakini mmetoka mbali, na si adabu kumrudisha mtu na njaa. Nitawaeleza ulivyokuja, na ulivyokaribia kumuua mama wa mpigaji ngoma wetu, mwanamke aliyekuwa ameokoka na hakuwa na ugomvi na mtu.

Ulianzia Kiboko. Kiongozi wetu Nzioka, aliyeimba na kupiga gitaa la mbele, alikuwa akifyeka nyasi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Mzungu mmoja alimaliza kazi yake pale, na alipokuwa akifunga mizigo akampa Nzioka gramafoni ya betri na sanduku la santuri. Nzioka alifurahi mpaka akasahau akili. Alilibeba lile sanduku nyumbani, akaitoa santuri moja ili asome jina lake, akaiweka juu ya pipa la maji, akaenda kuwaita majirani waje waone. Nyinyi mnalijua jua la Kiboko. Aliporudi, santuri ilikuwa imejikunja kama bati la paa.

Ndiyo hiyo hiyo tuliyoipenda. Zile nzima zilikuwa na nyimbo nzuri, lakini hii iliyopinda ilikuwa na kitu. Sindano ilipanda na kushuka juu yake kama gari kwenye barabara ya makorongo, na sauti ya kijana aliyeimba Kiingereza ndani yake ikawa inakuja karibu na kwenda mbali, karibu na mbali, kama mtu anayeimba huku upepo ukibadilika. Na kwenye kiitikio, sindano iliruka. Pigo moja lilipotea kabisa. Ilikuwa kama unashuka ngazi na mguu unakuta ngazi moja haipo.

Sisi tulidhani ndivyo wenyewe walivyotaka. Tungejuaje? Hatukuwa na nakala nyingine ya kulinganisha, na santuri ndiyo iliyokuwa mwalimu. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi siku zile: unaketi mbele ya gramafoni, unarudisha sindano, unarudisha tena, unaiba sauti moja moja kama mtu anayedonoa mahindi kwenye gunzi. Hatukubadilisha kitu, hata maneno tusiyoyaelewa. Mwalimu akikohoa, nasi tunakohoa. Tukalichukua lile ruko la sindano na kulitia kwenye kila kiitikio.

Aliyeteseka ni Mutinda, mpigaji ngoma. Ni rahisi kupiga pigo, lakini jaribu kulikosa, kila mara, mahali palepale, huku wengine wakikutegemea. Kilonzo, aliyepiga gitaa la pili na ambaye hakuwahi kufunga mdomo, alimwambia, "Mzungu alikanyaga mwiba, bwana. Chechemea naye." Mutinda alijifunza kuchechemea. Alipiga mapaja yake akila, akipiga gumzo, akichunga. Siku moja alikuja mazoezini akakaa, akapiga, na pigo likakosekana sawasawa. Nywele za mikono yangu zilisimama, nami nikafikiri ni furaha.

Lilibaki jambo moja: mwisho. Wimbo wenyewe haukuwa nao. Mnajua santuri nyingi za zamani zilivyo: sauti inapunguzwa kidogo kidogo mpaka inapotea, na wale watu bado wanaimba. Kwetu wimbo huisha kwa kishindo ili watu wajue wakati wa kupiga makofi. Lakini Nzioka alisema kama tunanakili, tunanakili. Akawa anashusha kiganja taratibu, nasi tunapunguza vinobu vya sauti vya amplifaya, na Mutinda anaacha fimbo anapiga kwa vidole, kisha kwa kucha, kisha anapapasa hewa tu. Tulijivunia sana ule ufundi.

Mara ya kwanza tulipoufanya Mwingi, madereva wa malori walidhani jenereta inazimika. Mmoja akapiga kelele, "Ongezeni petroli, nyinyi!" Tulipokuwa tukikusanya vyombo, mwenye duka la vitambaa jirani na ukumbi akaja mlangoni kwake. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, mtu wa Kiswahili kilichonyooka.

"Vijana, mmepiga vizuri," akasema. "Lakini ule wimbo wenu wa mwisho, umekwenda wapi?"

"Umeisha, mzee," Nzioka akamjibu.

"Haukuisha. Umeondoka bila kuaga. Mimi nimekaa hapa nausikia ukienda na barabara ya Garissa."

Tulicheka njia nzima ya kurudi.

Sasa Mbumbuni. Tulikuwa tunapiga pale Jumapili alasiri, katika ukumbi wenye jukwaa la saruji lililofika kifuani. Jua lilikuwa linaingia madirishani, watoto wanauza njugu, hakuna kitu cha kutisha popote. Sisi watatu tulikaa mbele ya jukwaa, na Mutinda nyuma yetu na ngoma zake. Ile kubwa ya kupigwa kwa mguu ilikuwa imepasuka ngozi yake ya plastiki, naye alikuwa ameiwamba ngozi ya mbuzi. Hilo ni la kujifunza pia: ngozi ya mbuzi hupendeza kuliko plastiki, ila ianikwe juani kabla ya kupigwa, la sivyo inalia kama gunia.

Mama yake akatokea mlangoni. Alikuwa ametoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwenye mkoba.

"Mutinda! Shuka hapo. Watu wanamwomba Mungu na wewe unawapigia walevi debe."

"Mwaitu, umebaki wimbo mmoja tu," Mutinda akajibu kutoka nyuma yetu. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. "Nakuja."

"Mmoja tu! Hata nyoka huwa mmoja tu."

Ukumbi ukacheka. Mama Mutinda akakaa kwenye benchi karibu na mlango, mkoba magotini, amsubiri mwanawe. Nzioka akatukonyeza na kuanza ule wimbo.

Lazima niwaambie jambo ambalo hata Mutinda hakulijua vizuri. Kabla hajaokoka, mama huyu alikuwa mchezaji wa kilumi. Kilumi ni ngoma ya akina mama wa Ukambani, na si ngoma ya kujifurahisha. Ngoma hulia, na aimu huja, roho za waliokufa, za kwetu na za wageni waliopita. Kila mmoja wao ana mdundo wake. Ukiupata mdundo wa mmoja, humkalia mchezaji na kucheza kwa miguu yake mpaka aridhike. Mama Mutinda alipookoka aliviacha vyote, akaingia kwaya ya akina mama, na mwanawe alikua bila kumwona akiinua hata kisigino.

Kiitikio cha kwanza, pigo likakosekana, nikamwona anageuza kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Kiitikio cha pili akauweka mkoba chini. Cha tatu akavua viatu, akavipanga pamoja ukutani, akaja katikati.

Watu wakampisha huku wakipiga vigelegele. "Mama ameokoka mara ya pili!" mmoja akapaza sauti. Alicheza mgongo umenyooka, mabega yakitetemeka, miguu ikikanyaga mdundo wetu, na kila tulipolikosa pigo, naye alilikosa. Hakutangulia wala hakuchelewa. Mtu aliyekuwa hajawahi kuusikia ule wimbo.

Nzioka akashusha kiganja. Tukapunguza vinobu. Mutinda akapapasa hewa. Tukanyamaza, tukangoja makofi.

Hayakuja, kwa sababu miguu ya Mama Mutinda ilikuwa bado inaendelea. Ukumbi mzima ulisikia nyayo kwenye saruji, tap tap, na lile pengo, tap tap. Kwanza watu walicheka. Kisha vicheko vikaisha kimoja kimoja, kama wanavyotoka watu kwenye matanga. Mutinda akaruka kutoka jukwaani akamshika mabega.

"Mwaitu. Mwaitu, tumemaliza."

Akamtazama mwanawe kama unavyomtazama mtu uliyekutana naye kituoni. Akafungua mdomo, na iliyotoka ilikuwa sauti ya kijana wa kiume. Tena alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Aliuliza kwa upole, kama mtu asiyetaka kusumbua:

"Barabara imepita wapi?"

Hapa naruka mbele kidogo, mnivumilie. Miaka hii ya karibuni binti yangu Mwende, ambaye hupiga kinanda kanisani, aliniuliza wimbo gani tuliupenda zaidi. Nikamnong'onezea maneno ya Kiingereza niliyoyakumbuka. Akautafuta kwenye simu, na kwa mara ya kwanza maishani nikausikia mzima, usiopindwa na jua. Ulihusu kijana aliyeondoka kwao. Tulipofika kwenye kiitikio nikajiandaa kwa ruko, mguu wangu ukiwa tayari, lakini hapakuwa na ruko. Palikuwa na maneno. Machache, yale ambayo sindano yetu iliyavuka. Nikamwomba Mwende anieleze maana yake.

"Anauliza njia, Baba," akasema. "Anauliza barabara imepita wapi."

Nilimwomba azime. Yeye, kwa kuwa ni kijana, aliendelea kutafuta. Akagundua kwamba hata yule kijana wa santuri yetu hakuwa mwenye wimbo. Aliunakili kwa bendi nyingine, iliyounakili kwa mwanamke mmoja aliyeuimba polepole, bila ala, kwa makofi tu. Na huyo mwanamke naye, watu walipomuuliza, alisema aliukuta ukiimbwa. Kila aliyeuimba alikuwa amepewa na mwingine. Kwa hiyo mnaponiambia, "Mzee, ni wimbo wenu," nacheka peke yangu.

Turudi kwa Mama Mutinda, maana huyo ndiye aliyekuwa akiumia.

Tulimpeleka kwake, mlima wa pili kutoka sokoni. Alikaa pale alipokalishwa. Alikunywa maji akipewa. Hakumtambua mwanawe. Na miguu haikuacha. Akiketi, visigino viligonga sakafu. Akilazwa, viligonga ubao wa kitanda. Daktari wa zahanati alimpa dawa ya usingizi, naye akalala fofofo, akakoroma, na miguu ikaendelea chini ya blanketi kama wanyama wawili wadogo wasiohusika naye. Nyayo zikachubuka. Ndugu wa kanisa walikuja kuomba, waliomba kwa bidii na machozi, na wakati wa "amina" sote tulikuwa tukisikiliza tap tap, na pengo. Kila siku alizidi kukonda. Mtu hawezi kucheza bila kupumzika akaishi. Hilo halihitaji daktari.

Mutinda alikaa kando yake na kijiti mkononi. Nilimkuta akigonga kigoda taratibu pamoja na nyayo za mama yake.

"Iko ubeti wa pili sasa," akaniambia bila kuinua macho.

"Nini iko ubeti wa pili?"

"Wimbo. Haujasimama tangu Mbumbuni. Sikiliza. Sasa kiitikio."

Na pigo likakosekana. Nilitoka nje nikasimama juani, joto la mchana wote, nikashindwa kupata joto.

Nzioka alipata wazo la kifundi. Alisema kama hatukuumaliza, basi tuumalize. Tukakodi pikapu, tukaleta jenereta, amplifaya na ngoma mpaka uani kwa Mama Mutinda. Tulitaka sauti itoke vizuri, tukazipandisha ngoma juu ya mkokoteni wa ng'ombe, tukapanga amplifaya huku na huku. Ndivyo tulivyozoea: mwanamuziki hukaa juu, wachezaji hukaa chini. Mama Mutinda akatolewa nje, akiwa ameshikwa na majirani wawili, akasimama uani.

Watu wa kanisa walikuwa wamejipanga nje ya ua wa katani na pasta wao. Pasta alikuwa mtu mrefu mwenye huzuni.

"Siwezi kuingia humo," akamwambia Mutinda juu ya ua. "Na siwezi kuondoka. Maliza kazi yako, kijana. Tutaongea baadaye."

Tukaanza. Wanamuziki wenzangu, sitasahau: hatukuhitaji kuhesabu. Mutinda alitazama miguu ya mama yake, akangoja, akaingia, nasi tukaingia naye, na tukajikuta ndani ya wimbo mahali ulipokuwa umeshafika wenyewe. Ni kama unapanda lori linalotembea. Akacheza. Nzioka akaimba. Tulipofika mwisho tukaukata kwa kishindo, matoazi yote, pwaa! Kuku wakaruka. Kimya. Na katika kimya hicho, kwenye mchanga, miguu yake iliendelea.

Tukajaribu tena, kishindo kikubwa zaidi. Tukajaribu kuupunguza mwendo mpaka ukakaribia kusimama. Yeye hakupunguza, alituacha nyuma. Damu ilianza kuonekana kwenye mchanga. Mutinda alikuwa akilia huku akipiga, kamasi na jasho, mikono haikosei.

Ndipo Syombua akaingia uani. Syombua alikuwa mpigaji ngoma wa kilumi tangu usichana wake, shoga yake Mama Mutinda mpaka wokovu ulipowatenganisha. Miaka hiyo yote walikuwa wakipishana sokoni bila kusalimiana. Alikuwa mfupi, mweusi, ana meno ya mbele yaliyochongwa, na mdomo mkali. Hakutusalimu. Aliuzunguka mkokoteni akiutazama juu mpaka chini.

"Nyinyi watu wa stima," akasema, "hii ngoma mmeipandisha mkokoteni inapelekwa wapi? Sokoni?"

"Tunajaribu kumaliza, mama," Nzioka akasema.

"Kumaliza! Wewe ndiye unacheza?"

"Hapana."

"Miguu inayotoka damu ni yako?"

"Hapana, mama."

"Basi unamaliza nini? Anayemaliza ni mwenye miguu. Mgeni akitosheka, mchezaji anakuja mwenyewe anaweka mkono kwa ngozi, ngoma inanyamaza, na yule mgeni anaondoka na njia yake. Ndiyo kazi ya ngoma kuwa chini. Sasa huyu atafikaje huko juu? Aruke kama mbuzi?"

Nilikumbuka lile jukwaa la saruji la Mbumbuni, lililofika kifuani, sisi watatu na magitaa tumesimama kama ua mbele ya ngoma. Nikawaza kumbi zote, Mwingi, Emali, Kitui mjini, na kila mahali tulivyojipandisha juu.

"Shusheni," Syombua akasema. "Hizo za waya zimeni. Na hicho kidude chenu kinachonguruma pia."

Tukazima jenereta. Tuliishusha ile ngoma kubwa yenye ngozi ya mbuzi, tukaondoa pedali, tukailaza chini, ngozi juu. Syombua akaiangalia ngozi, akaigusa kwa kidole, akaguna kama mtu aliyekuta chakula cha jirani hakijaharibika sana. Akamwonyesha Mutinda apige magoti.

"Kwa mikono. Na usimwongoze. Mfuate."

"Nisipoweza?"

"Umekuwa ukipiga kwa ajili ya kupigiwa makofi. Leo piga kama unayemshikia mtu taa."

Mutinda akapiga. Sisi wengine, mikono mitupu, hatukujua la kufanya, tukaanza kupiga makofi taratibu. Majirani wakaingia. Nilisikia makofi mengine yakitoka nje ya ua wa katani, na sikugeuka kutazama ni ya nani. Nzioka hakuimba. Lakini kuimba kulikuwepo. Mama Mutinda alikuwa ameanza kuimba kwa ile sauti ya kijana, hatukuelewa neno, na kila tulipofika kwenye lile pigo linalokosekana, sisi tulinyamaza na yeye alilijaza. Alikuwa na kipande chetu. Alikuwa nacho muda wote.

Alizunguka uani. Alipita karibu na ngoma mara ya kwanza, akaenda zake, Mutinda akainua kichwa, Syombua akamkemea, "Macho chini!" Akapita tena, karibu zaidi, upindo wa rinda lake ukamgusa Mutinda usoni. Vivuli vyetu vilikuwa vifupi chini ya miguu, jua liko utosini, na nitawaambia nilichokiona hata kama mtacheka: kivuli chake kilikuwa kirefu, kimelala upande wa barabara.

Mara ya tatu hakupita. Alisimama mbele ya ngoma, miguu bado inakanyaga, akainama polepole kama mtu anayechungulia kisimani, akaweka kiganja juu ya ngozi katikati ya mikono ya mwanawe.

Mutinda akaacha kupiga. Makofi yakaacha. Miguu ya mama yake ikasimama.

Kimya hicho sijawahi kukisikia tena. Lakini hakuuondoa mkono. Mutinda alituambia baadaye kwamba ngozi ilikuwa bado inapiga chini ya kiganja cha mama yake, hakuna aliyeigusa, tap tap, na yeye alikuwa akiikandamiza kwa upole, kama unavyombembeleza mtoto kifuani, mpaka ikatulia.

Kisha akamtazama. Tuliona macho yakimrudia, na uchovu, na ukali wake wa siku zote.

"Mutinda," akasema kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kikamba. "Mbona umekonda hivi?"

Syombua akainama na kumuuliza shoga yake, kwa sauti ndogo, "Alikuwa nani, Kalunde?"

Mama Mutinda alifikiri. Mkono ulikuwa bado juu ya ngoma.

"Mtoto wa watu tu," akasema. "Amepotea. Hawa wanamwita kila Jumapili, wanamwimbisha, halafu wanamwachia njiani. Hakuna hata mmoja amewahi kumfikisha nyumbani." Alitutazama sisi wanne, bila hasira. "Amelala humu sasa. Mwondoeni polepole."

Pikapu ilikuwa inatungoja pale nje ya ua, na njia ya kushuka mlima ilikuwa na mawe. Dereva akapiga honi. Tukamwashiria anyamaze, tukampa amplifaya na magitaa aende nayo. Kisha tukaiinua ile ngoma wanaume wanne, kila mtu upande wake, na tukashuka nayo kwa miguu mpaka barabara kuu, tukiangalia tunapokanyaga, bila kuzungumza, tusije tukaigonga na kitu.